Fumbo la Vipande 1,000 la Kijiji cha Bibury: Mapitio ya Bidhaa ya Mtumba Kutoka Kongowea

Sanduku lenyewe nililikuta katika soko la Kongowea, hapa Mombasa, chini ya rundo la vikaango na viatu vya watoto visivyo na wenzi wake, katika kibanda kinachouza vitu vya nyumbani vya mitumba. Juu ya kifuniko palikuwa na picha ya safu ya nyumba za mawe zilizojipanga kandokando ya maji, mapaa yake yamechongoka kama meno ya msumeno, na chini yake jina moja tu: Bibury, ambacho ni kijiji cha Uingereza. Muuzaji alitaka shilingi 500. Nilimwuliza kama vipande vimetimia, akaniapia, "Mzee wangu, humo hakijapungua hata kimoja, nimevihesabu mwenyewe." Mtu anayedai kuwa amehesabu vipande 1,000 katikati ya soko siku ya Jumamosi hakuaminika machoni pangu, na kwa hoja hiyo tulikubaliana shilingi 350.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishika bidhaa ya aina hii, ambayo wajukuu wangu huiita pazo, ni picha iliyobandikwa juu ya kadibodi nene kisha ikakatwa vipande vidogo vyenye vishikizo na mapengo, ili mnunuzi avipange upya. Asili yake ni darasani. Katika miaka ya 1760, mchora ramani wa London aitwaye John Spilsbury alibandika ramani juu ya mbao nyembamba na kuzikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa mikono. Nami nimefundisha jiografia kwa miaka mingi katika shule za Mombasa bila kuwahi kuwa na kifaa kama hicho, kwa hiyo nakiri kwamba nililinunua fumbo hili kwa ajili yangu, ingawa nyumbani nilisema ni la watoto.

Nianze na ubora wa kitu chenyewe. Kadibodi ni nene na imara, mkato ni safi, na hakuna vipande viwili vinavyodanganya kwa kuingiana mahali pasipo pake, kasoro ambayo niliwahi kuikuta katika fumbo la bei rahisi la picha ya tembo. Likikamilika lina upana wa sentimita 68 na kimo cha sentimita 48, maana yake siniya ya pilau haitoshi. Sisi tulitumia ubao wa plaiwudi tulioulaza juu ya meza na kuusukuma chini ya kitanda kila usiku. Tatizo kubwa ni hali yetu ya hewa, ambayo mtengenezaji huko Ulaya hakuifikiria. Tulianza kulipanga mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, na baada ya siku nne vipande vilikuwa vimevimba kwa unyevu hata vikakataa kuingia bila kugongwa kwa ngumi. Dawa tuliyoipata ni kuutoa ubao mzima juani kwa muda wa saa moja, jua lilipojitokeza, na mke wangu alisimama ulinzi dhidi ya kunguru.

Rangi zimechapwa vizuri kwa jumla, isipokuwa kwamba mawe yametiwa manjano kupita kiasi. Hilo nalijua kwa sababu ya pasipoti, nami nitaieleza mbele.

Ndani ya sanduku mna kijikaratasi cha kurasa mbili kinachodai kusimulia historia ya kijiji. Kinasema kwamba nyumba zilizo pichani zilijengwa mwaka 1380 kwa ajili ya familia za wafumaji, kwamba kijiji hakijabadilika tangu hapo, na kwamba wakazi wake wameishi kwa amani wakiyatazama maji. Kati ya madai hayo matatu, la kwanza limechanganya mambo, la pili si kweli, na la tatu ni porojo za kuuzia sanduku. Ubaya wake ni kwamba historia yenyewe inavutia kuliko hadithi hiyo, na sehemu kubwa yake imo ndani ya picha ileile anayoipanga mnunuzi, mbele ya macho yake. Wa kwanza kuigundua kwetu alikuwa mjukuu wangu wa miaka tisa.

Tulikuwa tumeshamaliza kingo na tumeanza mapaa, ambayo ni sehemu ngumu kwa kuwa vipande vyote ni vya kijivu na vimefanana. Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu, hili paa ni moja, lakini milango ni mingi." Nikatazama. Kweli, chini ya vile vichwa vilivyochongoka, mgongo wa paa unakwenda mfululizo kutoka nyumba ya mwanzo hadi ya mwisho, kama paa la bohari, na milango na madirisha chini yake havilingani kwa ukubwa wala kwa mpangilio. Ilivyo ni kwamba jengo hilo, liitwalo Arlington Row, lilijengwa katika karne ya 14, yapata mwaka 1380, na lilikuwa ghala la watawa la kuwekea sufu. Hakuna aliyelala humo wakati huo isipokuwa marobota. Dohani zinazopendeza pichani zisingekuwa na kazi ndani ya ghala, kwa sababu hakuna mwenye akili awashaye moto kati ya marobota ya sufu. Ni katika karne ya 17, zaidi ya miaka 200 baadaye, ndipo ghala lilipogawanywa kwa kuta za ndani likawa vyumba vya wafumaji. Katikati ya vipindi hivyo viwili Mfalme Henry wa Nane alizivunja nyumba za watawa kote Uingereza, kati ya mwaka 1536 na 1540, na mali zao zikaingia mikononi mwa watu wengine.

Kijiji chenyewe ni cha kale kuliko ghala hilo. Kiko katika jimbo la Gloucestershire, kwenye vilima viitwavyo Cotswolds, na mto ulio pichani ni Coln, mto mdogo unaokwenda kuingia Thames. Jina lake limetokana na mwanamke. Katika karne ya nane askofu wa Worcester alimpa mtu mwenye cheo aitwaye Leppa ardhi ya mahali hapo, pamoja na binti yake Beage, na makazi yakaitwa kwa jina la binti. Kijikaratasi hakimtaji Beage hata kwa neno moja, ingawa kilipata nafasi ya kutaja aina tatu za mabata. Kanisa lake lina sehemu zilizojengwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, na katika orodha kubwa ya mali ambayo Mfalme William aliamuru iandikwe mwaka 1086, kinu cha maji cha hapo kimo.

Kinu hicho ndicho ufunguo wa picha nzima, na hapa ndipo ninapomlaumu zaidi mtengenezaji, kwa maana aliyepiga picha alikikata nje ya ukingo wa kulia. Pichani kuna nyumba, kuna mto, na kuna kipande cha uwanda wa majani mabichi kilichozungukwa na maji, ambacho mtu hukichukulia kuwa bustani. Uwanda huo huitwa Rack Isle, yaani kisiwa cha viunzi, na ulikuwa mahali pa kazi kama ilivyo gati. Mfumaji alikaa na kitanda chake cha kufumia ndani ya chumba kimoja cha lile ghala la zamani. Uzi ulisokotwa na wanawake na watoto. Nguo ikitoka kwenye kitanda cha kufumia ilikuwa bado nyepesi, yenye mafuta ya kondoo na mianya kati ya nyuzi, haifai kuvaliwa kwenye baridi ya kule. Ilipelekwa kwenye kinu cha Arlington, upande wa pili wa uwanda, ikalowekwa pamoja na udongo maalumu wa kunyonya mafuta, na nyundo nzito zilizoendeshwa na gurudumu la maji zikaiponda hadi nyuzi zikashikana. Zamani mkojo wa binadamu ulikuwa sehemu ya dawa hiyo, na ulikusanywa majumbani kama sisi tunavyokusanya makoko ya nazi. Baada ya kupondwa, nguo ilipelekwa ikiwa imelowa hadi Rack Isle na kutungikwa juu ya viunzi vya mbao vyenye kulabu, ikavutwa pande zote ili ikauke bila kusinyaa. Mtu aliyesimama mahali aliposimama mpiga picha wetu miaka 350 iliyopita angeona mashuka mazito yanayochuruzika maji, na angesikia nyundo.

Nilipowasimulia haya nyumbani, mke wangu, ambaye hadi hapo alikuwa akipanga maua tu kwenye pembe ya kushoto, aliacha akauliza ni nani aliyekuwa na faida. Ni swali la mtu aliyeuza vitambaa Biashara Street kwa miaka 11. Kwa utaratibu uliokuwa umeenea Uingereza wakati huo, mfumaji wa kijijini hakumiliki sufu. Tajiri wa nguo ndiye aliyeinunua, akaigawa kwa wasokotaji, akaupeleka uzi kwa wafumaji, akaikusanya nguo na kuwalipa kwa kipande. Bei ya kipande aliipanga yeye. Wafumaji wa vyumba vile walikuwa vibarua waliofanyia kazi nyumbani, na kodi ya nyumba ilikuwa juu yao. Sijui mtu aitwaye mchapaji wa kijikaratasi aliyaona wapi hayo "maisha ya amani ya kuyatazama maji".

Sufu haikuwa biashara ndogo kwa Waingereza. Katika zama za kati ndiyo iliyoijaza hazina ya wafalme wao, na hadi leo mwenyekiti wa Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge lao, hukaa juu ya mto mkubwa uliojazwa sufu, desturi iliyoanza karne ya 14, ili asisahau utajiri ulikotoka. Ilipoanza kushindana na kitani na vitambaa vya kigeni, Bunge lilifikia hatua ya ajabu. Kwa sheria za mwaka 1666 na 1678, ilikuwa marufuku kumzika maiti kwa sanda isiyokuwa ya sufu ya kondoo tupu. Jamaa za marehemu walitakiwa kuleta kiapo ndani ya siku nane kwamba sheria imefuatwa, na walioivunja walitozwa faini ya pauni 5, fedha ambayo kibarua hakuweza kuishika kwa urahisi. Waliokufa kwa tauni walisamehewa. Sheria hizo hazikufutwa hadi mwaka 1814, ingawa watu walikuwa wameacha kuzijali zamani. Sisi ambao sanda yetu ni bafta nyeupe, ya mwenye nacho na asiye nacho, tulikaa kimya kidogo. Kisha mke wangu akasema, "Yaani hata maiti alilazimishwa kuwa mteja." Sina la kuongeza hapo.

Jambo lililoniweka mezani usiku baada ya wengine kulala, hata hivyo, ni mawe. Jirani yangu, ambaye ni fundi wa kuchonga mawe na amefanya ukarabati wa nyumba nyingi za Mji wa Kale, alipita kunisalimu akasimama juu ya ubao mikono nyuma. Akasema, "Mwalimu, hayo si matofali. Hayo ni mawe ya chokaa, na vigae vya paa ni mawe vilevile, yamepasuliwa membamba." Alisema kweli, tena kwa kutazama tu picha. Vilima vya Cotswolds ni chokaa iliyojengeka chini ya bahari yenye joto na isiyo na kina, zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, na ndiyo iliyotoa kuta, mapaa na nyua za vijiji vyote vya huko. Mwamba wetu wa matumbawe, uliotumika kujengea Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, ni wa juzi ukilinganishwa na huo, lakini ukoo wake ni mmoja: bahari ya joto, viumbe vidogo na muda. Fundi alifurahi kuliko nilivyotarajia. Aliniambia kwamba chokaa ya matumbawe ikitoka ardhini huwa laini na huchongeka, kisha hukaza kwa hewa, akataka kujua kama na yale mawe ni hivyo. Nikamwambia kijikaratasi hakikusema. Akakitazama, akakirudisha sandukuni kwa vidole viwili.

Sasa nieleze dai la pili la kijikaratasi, kwamba kijiji hakijabadilika, kwa sababu ndilo linalouza sanduku hili na ndilo linalopotosha zaidi. Mwishoni mwa karne ya 18 na katika karne ya 19, mashine za kusokota na kufuma zilichukua kazi ya mikono, na viwanda vikajikusanya mahali penye makaa ya mawe au maji yenye nguvu zaidi: Yorkshire huko kaskazini, na kwa Gloucestershire yenyewe mabonde ya Stroud. Coln ni mto mpole mno. Bibury ikabaki bila viwanda, kinu chake kikaendelea kusaga nafaka, na vyumba vya wafumaji vikawa makazi ya watu maskini. Aliyekosa fedha za kujenga upya hubaki na nyumba ya babu yake, na akipita mgeni tajiri huiita nyumba hiyo ya kupendeza. Ndivyo kijiji kilivyohifadhiwa kwa muda mrefu kabla ya kuwapo chama chochote cha kuhifadhi.

Msomaji wa Mombasa hana haja ya kupelekwa mbali kulielewa hilo. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896 na meli kubwa zikahamia Kilindini, bandari ya kale ikabaki na majahazi, na fedha zikaondoka Mji wa Kale kufuata kina cha maji. Roshani za mbao na milango ya nakshi ambayo watalii huipiga picha Ndia Kuu imesalia kwa sehemu kwa sababu mwenye mali mpya alikwenda kujenga kwingine. Tofauti ni kwamba Arlington Row iliishia mikononi mwa National Trust, taasisi inayotunza urithi wa Uingereza, na nyumba zetu nyingi ziliishia mikononi mwa warithi 14 wasioelewana. Huo ni mjadala mwingine, nauacha.

Umaarufu wa kijiji ulikuja na watu wa nje. Inasimuliwa kwamba William Morris, msanii wa karne ya 19 aliyechukia viwanda, alikiita kijiji kizuri kuliko vyote Uingereza, na maneno hayo yamechapwa juu ya sanduku kwa herufi za dhahabu. Baada yake alikuja Henry Ford, tajiri wa magari, ambaye alivutiwa na Arlington Row hata akataka kuinunua yote na kuihamishia Marekani. Hakuipata. Alichokipata ni nyumba moja ya mawe ya kijiji cha Chedworth, si mbali na hapo, ambayo ilibomolewa kwa utaratibu, mawe yake yakapakiwa, yakavuka bahari, na mwaka 1930 yakaanza kusimamishwa upya Dearborn, Michigan, ambako nyumba hiyo ingalipo katika jumba lake la makumbusho. Mjukuu wangu alisema hilo ndilo pazo kubwa kuliko yote duniani, na akataka kujua kama na wao walipoteza vipande.

Upande wa chini wa fumbo, ambapo pana maji, ndio mtamu zaidi kupanga. Mto umechapwa kwa uwazi hata mawe ya chini yanaonekana, na katika vipande vinne hivi mna kivuli cha samaki. Ni samaki aina ya trauti. Bibury ina shamba la kufugia samaki hao lililoanzishwa mwaka 1902 kwa nia ya kuwapandikiza katika mito mingine, na bado linafanya kazi. Watoto walivipigania vipande vya samaki na vya bata maji, nao wakaniachia mbingu, zaidi ya vipande 200 vya wingu la kijivu lisilo na alama. Anayepanga kununua ajue kwamba sehemu hiyo haina raha yoyote.

Kuhusu pasipoti. Binti ya shangazi yangu anaishi Leicester, na alikuja kututembelea tukiwa tumefika nusu. Alipouona ubao alicheka, akaingia chumbani, akarudi na pasipoti yake ya zamani ya Uingereza iliyokwisha muda. Akaifungua upande wa ndani wa jalada. Nyumba zilezile. "Kaka, miaka kumi natembea na picha hii mkobani," alisema, "na nilikuwa sijui ni wapi." Ni kweli kwamba baadhi ya pasipoti za Uingereza za miaka iliyopita zilichapwa picha ya Arlington Row ndani ya jalada. Serikali ikitaka kumwonyesha mgeni sura ya nchi yake humpa kilicho bora machoni pake, na ile ya nchi yenye viwanda vya Manchester na bandari ya Liverpool ilichagua ghala la sufu lililogeuzwa vyumba vya vibarua. Ni hapo pia nilipolinganisha rangi nikaona kwamba mawe ya kwenye fumbo yametiwa manjano ya embe dodo, wakati ya kwenye pasipoti yametulia.

Maisha ya leo ya Bibury hayamo kabisa katika bidhaa hii, na hilo ni pungufu. Wakazi ni mia sita na kidogo. Barabara ni nyembamba, na mabasi ya watalii yamekuwa yakija kwa wingi kiasi kwamba kupita kulikuwa shida. Wageni husimama madirishani mwa watu kupiga picha. Miaka michache iliyopita mzee mmoja mkazi wa hapo alilaumiwa na wapiga picha kwa sababu gari lake dogo la manjano, lililoegeshwa karibu na Arlington Row, liliwaharibia mandhari. Baadaye gari hilo likaharibiwa na mtu asiyejulikana. Tarehe 1 Aprili 2017, wenye magari ya manjano kutoka sehemu mbalimbali walikusanyika na kupita kijijini kwa msafara kumwunga mkono. Niliposimulia kisa hicho barazani, jirani yangu mwingine, ambaye nyumba yake huwa na kamba ya nguo mbele ya mlango wa nakshi, alitaka nikirudie tena tangu mwanzo. Aliwahi kuombwa na mgeni aziondoe nguo zake ili picha iwe safi. Alizianua, akatungika nguo za ndani.

Pichani hakuna gari wala mtu hata mmoja. Nimetafuta kwa kioo cha kukuzia. Kuna mlango uliofunguliwa kidogo katika nyumba ya pili, basi.

Vipande vilivyopungua ni viwili, kama nilivyoogopa. Kimoja ni cha mbingu, na sikijali. Kingine ni cha nyumba ya tatu, mahali penye mlango, nacho kinauma, kwa sababu jicho huenda hapohapo. Mtengenezaji ameandika sandukuni kwamba atamtumia mnunuzi kipande kilichopotea. Nilimwandikia barua pepe kwa Kiingereza cha heshima na baada ya wiki mbili nikajibiwa kwamba toleo hilo halitengenezwi tena, pamoja na tangazo la fumbo jipya la picha ya paka. Siwezi kumlaumu muuzaji wa Kongowea, kwani bidhaa ya mtumba hununuliwa ilivyo. Mjukuu alichukua kadibodi ya sanduku la majani ya chai, akaikata kwa mkasi, akaipaka penseli za rangi, na kwa umbali wa hatua mbili mlango unaonekana kama mlango.

Kwa shilingi 350 na wiki tano za jioni ambazo televisheni haikuwashwa, siwezi kusema nilipunjwa. Ningempendekezea mtu mwenye meza pana, subira, na watoto waliovuka miaka saba. Mwenye chumba kimoja chenye watu wengi asijitie taabuni, kwa maana ubao usioweza kufichwa utakanyagwa. Atakayelipata katika hali niliyolipata mimi akitupe kijikaratasi, avihesabu vipande mwenyewe kabla ya kulipa, hata kama muuzaji atakasirika, na alipange wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu.

Kwa sasa nimelivunja na kulirudisha sandukuni, pamoja na konzi ya mchele iliyofungwa katika kitambaa kwa ajili ya unyevu, na kile kipande cha bandia nimekitia alama ya kalamu kwa nyuma. Fundi wa mawe amemtuma kijana wake mara mbili kuja kuliazima. Nitampa keshokutwa, kwa sharti kwamba aanze na paa.